Krediti 120 si mara mbili ya 60

Una krediti 120 za mwaka wa kwanza Tanzania, na unataka kuhamia chuo cha Ulaya ambako mwaka mzima ni krediti 60. Usishangilie mapema! Krediti haipimi akili, inapima muda wa kazi: darasani, maabara, kujisomea, mitihani. Kwetu krediti 1 ni saa 10. Kule ni saa 25 hadi 30. Piga hesabu: saa 1,200 kwa 1,500 au zaidi.

Na saa peke yake hazitoshi. Chuo kinachokupokea hulinganisha mada, kiwango na alama zako. Jina la kozi tu haliwaambii kitu. Kwa hiyo beba muhtasari wa kila kozi. Ukiukosa, huenda ukarudia ulichokwisha kusoma, na ada ukailipa tena.