ABIRIA MWENYE MARADHI NA SAFARI YA MELI

Askari aliyezoea lori na treni huidhania meli kuwa ni gari lililowekwa juu ya maji. Lori likitoka Gulu kuelekea Kampala, na mmoja wa waliomo akazidiwa na maradhi, dereva hukata kona akamfikisha katika zahanati iliyo karibu. Meli ikishang'oa nanga haina kona ya kukata. Aliyemo atakaa humo humo, pamoja na maradhi yake, mpaka gati lifuatalo lionekane, iwe ni baada ya saa tatu au baada ya siku tatu.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa majeshi na polisi kuliko tunavyofikiri. Wako wenzetu wanaokwenda likizo visiwani Ssese, wako wanaolala majini usiku mzima kati ya Mwanza na Bukoba, na wako wanaovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kadhalika wako wazee wetu waliokwisha kustaafu, ambao watoto wao walioko Ulaya au Marekani huwaalika na kuwatembeza katika zile meli kubwa za anasa zenye ghorofa nyingi kama kambi nzima. Wengi katika hao si vijana tena. Kisukari, shinikizo la damu, pumu na maradhi ya moyo yamekwisha kuingia katika safu zetu, wala hayaulizi cheo.

Swali la kwanza ambalo abiria wa namna hii hana budi kuliuliza kabla ya kulipa nauli ni hili: je, chomboni mna daktari? Watu wengi hudhani kila meli inaye. Sivyo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, uliopitishwa mwaka 2006, unaitaka meli iwe na daktari aliyehitimu iwapo inachukua watu 100 au zaidi na kwa kawaida hufanya safari za kimataifa zinazozidi siku tatu. Pima mwenyewe. Feri ya saa tatu au nne kutoka Entebbe haimo katika hesabu hiyo, na meli ya usiku mmoja ziwani haimo. Hata meli ya mizigo inayokata bahari kuu kwa majuma mengi haimo, maana watu wake hawafiki 100. Humo mwenye kutibu ni ofisa mmoja wa meli aliyefundishwa kidogo, ambaye akikwama huomba shauri la madaktari walioko nchi kavu kwa njia ya redio. Mjini Roma kiko kituo kinachotoa shauri hilo bure tangu mwaka 1935, na rais wake wa kwanza alikuwa yule yule Marconi aliyesifika kwa mambo ya redio.

Katika meli kubwa za anasa daktari yupo, na wauguzi wapo, lakini abiria asije akadhani amepanda hospitali ya rufaa. Zahanati ya meli hutuliza maumivu, hutia maji mishipani, hupima moyo, hufunga mfupa uliovunjika. Ikiwa hali ni mbaya zaidi, kazi yake ni kumshikilia mgonjwa mpaka ashushwe bandarini au achukuliwe kwa helikopta, ikiwa helikopta inaweza kufika huko. Tena gharama zake ni za mgonjwa mwenyewe. Matibabu tuyapatayo bure katika hospitali zetu za jeshi na polisi hayamfuati mtu katika meli ya kigeni. Mstaafu anayealikwa na mtoto wake na amwulize mapema, bila haya, kama amemkatia bima ya safari, na kama bima hiyo inayajua maradhi aliyonayo. Maradhi yaliyofichwa wakati wa kukata bima ndiyo yanayokataliwa wakati wa kulipa. Mama mjamzito naye na ajue kwamba nyingi za meli hizo hazimpokei akishatimiza majuma 24 ya mimba, hata awe na afya ya simba.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Dawa ni zana. Hakuna askari aliyefunzwa ambaye hukabidhi bunduki yake pamoja na mizigo akaipanda gari mikono mitupu. Basi dawa nazo zisiwekwe sandukuni, kwa kuwa sanduku hushushwa chini ya meli mnamowekwa mizigo, na huko haliguswi tena mpaka mwisho wa safari. Katika meli kubwa mabegi huchukuliwa na wapagazi gatini na huweza kufika chumbani jioni au usiku. Mahali pa dawa ni katika shanta inayokaa begani mwa mwenyewe, zikiwa katika vifurushi vyake vya asili vyenye jina lake, pamoja na cheti cha daktari.

Sajenti mmoja mstaafu alipata kunisimulia yaliyompata ziwani. Alikuwa na kisukari, akajidunga insulini yake jioni kama ilivyo ada, akitarajia kula chakula cha usiku melini. Upepo ukavuma, chakula kikamshinda, na sukari aliyoizoea kuwa nayo ilikuwa sandukuni, chini. Kufika usiku wa manane alikuwa akitetemeka, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Abiria waliokuwa karibu naye walikwisha kukata shauri: mzee amelewa. Mmoja akataka afungwe mikono asije akajitupa majini. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja wa kike aliyekuwa akisafiri na mtoto wake, ambaye alimnusa pumzi, akaona hana harufu ya pombe, akaagiza chai yenye sukari nyingi. Haikupita nusu saa mzee akaanza kuuliza amefikaje pale. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu na walishike jambo hilo, kwa sababu mtu aliyeishiwa sukari mwilini hufanana mno na mlevi, na si melini tu. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe soda au glukosi au vijiko vitatu vinne vya sukari, kisha atazamwe baada ya dakika 15. Ikiwa hakupata nafuu arudiwe. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali alazwe ubavu na msaada uitwe.

Insulini nayo ina tabia zake. Iliyofungwa bado huhifadhiwa katika ubaridi wa digrii 2 hadi 8, lakini chupa inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumba kwa muda wa siku 28 hivi, kufuatana na maandishi yaliyomo katika karatasi yake. Adui yake ni jua kali, na zaidi ya jua ni barafu. Nimewahi kuwaona watu waliojaza barafu katika chupa ya chai wakaizamisha insulini humo, wakidhani wanaitunza; insulini iliyoganda imekufa, wala haifufuki kwa kuyeyushwa. Ifungwe kitambaani kwanza, isigusane na barafu. Asiye na barafu hana haja ya kukata tamaa, kwani chungu cha udongo chenye maji pembezoni, ambacho bibi zetu walipozea maji ya kunywa, hupunguza joto vya kutosha. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata joto lililopimwa katika nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Insulini iliyopitishwa katika joto la namna hiyo kwa majuma manne ilibaki na nguvu zake sawa na ile iliyowekwa baridini. Habari hiyo ni faraja kwa mtu wa kijijini, japo haimpi mtu ruhusa ya kuiacha dawa juani sitahani.

Je, dawa zichukuliwe za siku ngapi? Wengi huhesabu siku za safari tu. Na tuitazame habari ya meli iliyoitwa Diamond Princess. Iliondoka Yokohama, Japani, tarehe 20 Januari 2020, na safari yake ilikuwa iishe tarehe 4 Februari. Ilikuwa na watu 3,711, abiria wengi wakiwa wazee. Abiria mmoja aliyeteremka Hong Kong akagunduliwa kuwa na ugonjwa wa korona, na meli iliporudi Yokohama serikali ikawazuia watu wasishuke. Kuanzia tarehe 5 Februari wakawekwa karantini kwa siku 14 vyumbani mwao. Watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Hayo yalisikika dunia nzima. Lisilosikika sana ni kwamba katika siku za mwanzo, shida kubwa mojawapo ilikuwa dawa za kila siku: za moyo, za shinikizo la damu, za kisukari. Watu walikuja na dawa za kuwatosha mpaka tarehe 4, na tarehe 4 ilikuwa imepita. Ikabidi maombi yaandikwe kwa mamia, tena katika lugha mbalimbali na kwa majina ya kibiashara yasiyojulikana Japani, wafamasia wakae wakiyachambua, kisha dawa zipakiwe na kupelekwa mlango kwa mlango. Katika hesabu za kivita akiba haitengwi kwa siku ambayo mambo yatakwenda sawa. Kwa safari fupi ya ziwani akiba ya juma moja yatosha. Kwa safari ya bahari, ya majuma mawili si nyingi.

Habari hiyo yatufundisha pia kuandika jina la asili la dawa, si jina la kiwanda peke yake. Dawa moja huuzwa Kampala kwa jina moja, Mombasa kwa jina la pili na Ulaya kwa jina la tatu. Jina la asili halibadiliki.

Kulevywa na bahari si aibu. Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza aliyeuawa katika ushindi wa Trafalgar mwaka 1805, alisumbuliwa na kichefuchefu cha bahari maisha yake yote. Kwa mtu mzima wa afya ni udhia tu, ila kwa mgonjwa ni jambo la hatari kwa sababu vidonge alivyovimeza hutoka pamoja na matapishi, na maji ya mwili nayo hutoka. Mwenye kutumia vidonge vya kukojosha maji kwa ajili ya shinikizo la damu au moyo huweza kukauka upesi, na figo zikaumia. Mwenye kisukari hubaki na dawa mwilini bila chakula. Lakini anayeishi kwa insulini asiikatize kabisa kwa sababu hali, bali aulize mapema kwa daktari wa kikosi kipimo cha siku za namna hiyo. Achague kukaa katikati ya meli na chini, ambako mtikiso ni mdogo kuliko mbele au ghorofa za juu. Atazame upeo wa macho, asisome gazeti, hata hili. Vidonge kama sinarizini au promethazini hufaa vikimezwa kabla ya safari, kwani mtu akishaanza kutapika vimechelewa. Hutia usingizi na havipatani na pombe. Mzee mwenye shida ya kukojoa au presha ya jicho asivinunue dukani bila kuuliza.

Mwenye kifafa na apewe kitanda cha chini, alale vya kutosha, maana kukesha huamsha kifafa. Wala asiegemee ukingo wa sitaha akiwa peke yake. Mwenye pumu akae mbali na moshi wa dohani, kipulizio kikiwa mfukoni. Mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi asiache saa yake ivurugike: meli za mbali hubadilisha saa kila zinapokwenda mashariki au magharibi, hivyo aulize kabla ya kuondoka azimeze kwa saa ipi. Mikono na ioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kabla ya kila mlo. Yale maji ya kujipaka yenye spiriti hayaviwezi vizuri virusi vya noro, ambavyo ndivyo maarufu kwa kuharisha na kutapisha abiria wa meli kubwa.

Liko na jambo la sheria. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini, ambazo askari wengi waliojeruhiwa wanazifahamu, hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na mwenye kuingia nazo hutakiwa kuwa na kibali kilichoombwa kabla. Asiye nacho huweza kujikuta mahabusu bandarini Dubai kwa dawa aliyoandikiwa kihalali kwao. Cheti cha daktari kisemacho jina la dawa, kipimo na sababu yake kiandikwe kwa Kiingereza, kigongwe mhuri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe pia. Na ikiwa daktari amekataza chanjo hiyo kwa sababu ya uzee au upungufu wa kinga, basi aandike hivyo katika hati inayotambulikana mipakani.

Mwisho, kila abiria wa namna hii na achukue kadi ndogo iandikwe jina lake, maradhi yake, dawa na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, kundi la damu, na simu ya mtu wa nyumbani. Iwekwe mfuko mmoja na kitambulisho cha kazi, ambao ndio mfuko wa kwanza kupekuliwa mtu akianguka. Na akisafiri peke yake, amwonyeshe kadi hiyo jirani yake wa kitanda kabla meli haijaondoka gatini, pamoja na mahali ilipo shanta.