Soma kabla ya kubonyeza Y: Linux inavyotunza vifurushi vyako

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilitaka Python mpya kwenye laptopu yangu ya Ubuntu. Nikawaza, hii ya zamani ya nini tena? Nikaandika sudo apt remove python3, orodha ndefu ikapita kwenye skrini, nikabonyeza Y. Nilipoiwasha tena, hakuna madirisha wala menyu, maandishi meupe tu kwenye giza. Na ripoti ya maabara ilitakiwa kesho yake.

Mashine haikukosea. Iliniambia, mimi sikusoma.

Iko hivi. Kwenye Debian na ndugu zake kama Ubuntu, programu huja katika kifurushi, na kila kifurushi kinataja vingine kinavyovitegemea. Yote huandikwa kwenye daftari moja, faili la /var/lib/dpkg/status. Ukiondoa kifurushi kimoja, APT hulitazama daftari hilo na kuondoa pia kila kinachokitegemea, maana kikibaki hakitafanya kazi. Sasa, Python ya Ubuntu inatumiwa na vipande vingi vya mfumo wenyewe. Umeng'oa nguzo, unashangaa nini paa likianguka? Python mpya ungeiweka pembeni ya ile ya zamani, basi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. APT inakumbuka ni kifurushi kipi ulikiomba mwenyewe na kipi kilikuja kukisindikiza tu. Andika apt-mark showmanual uone ulivyoomba. Vile vya kusindikiza, mwenyeji wao akiondoka, huhesabiwa havina kazi, na sudo apt autoremove huvifagia. Njia hiyo hiyo huondoa kerneli za zamani zinazojaza /boot. Ila soma orodha! Ukiona humo kitu unachokitumia, kiokoe kwanza kwa sudo apt-mark manual na jina lake.

Tena remove huacha faili za mipangilio kwenye /etc. Purge huzibeba nazo. (Ndiyo maana unasakinisha upya programu iliyoharibika na inarudi na ugonjwa ule ule.)

Ukiwa na wasiwasi, ongeza -s: apt -s remove python3. Hakiondoki kitu, unaonyeshwa tu kitakachotokea. Sekunde mbili hivi.

Mimi usiku ule nilichomeka waya wa intaneti wa maabara, nikafungua /var/log/apt/history.log, ambako APT huandika kila ilichoweka na kuondoa pamoja na tarehe. Majina yote yalikuwepo. Nikaandika sudo apt install ubuntu-desktop, nikasubiri, kisha nikarudisha yaliyosalia moja moja. Ripoti yenyewe ilikuwa salama, kwani APT haigusi mafaili yako ya /home. Madirisha yalirudi saa nane usiku, na ripoti nikaiwasilisha ikiwa imepungua grafu mbili.