Ukimgusa kiongozi wake, umemgusa yeye

Wadau, naona ugomvi uleule hapa kila wiki. Mtu anaweka ukurasa wa ripoti ya ukaguzi wa kaunti, pesa za zahanati hazijulikani zilienda wapi. Jibu la kwanza halitaji zahanati hata kidogo. Ni "mbona mnatuchukia?" Wengi husema huo ni ujinga tu. Mimi sikubali.

Ubongo hauchukulii habari zote sawa. Kuna habari tu, halafu kuna habari inayonihusu MIMI. Mwaka 1977 Rogers, Kuiper na Kirker walionyesha kwamba ukiulizwa kama neno fulani linakuelezea wewe, utalikumbuka vizuri kuliko ukiulizwa maana yake. Baadaye picha za ubongo zikaonyesha kwamba mtu akijifikiria, sehemu ya katikati, nyuma ya paji la uso, huchapa kazi zaidi.

Sasa tuje kwa siasa. Mwaka 2016 Jonas Kaplan na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 40 wenye msimamo mkali wa upande mmoja. Waliwekwa ndani ya mashine ya MRI, wakasomeshwa hoja za kupinga wanachoamini. Ilipokuja kwa Edison na balbu, walilegeza msimamo. Ilipokuja kwa bunduki na utoaji mimba, hawakusonga sana, na sehemu zinazohusika na kujifikiria ziliamka zaidi. Wale waliogoma kabisa ndio amigdala na insula zao zilichemka zaidi, yaani sehemu zinazoshughulika na tishio na hisia za mwilini. (Ni watu 40, wa upande mmoja, tena si Wakenya. Na sehemu ya ubongo ikiwaka haikwambii mtu anawaza nini. Tusikimbie sana.)

Lakini angalieni mikutano yetu. Mwanasiasa akiitwa na wapelelezi, kesho yake jamii nzima inaambiwa imeitwa. Kesi ni ya mtu mmoja na akaunti zake za benki, ila jukwaani inakuwa "wanatuonea sisi". Hilo neno "sisi" ndilo linafanya kazi yote. Akishalitia kichwani mwako, kila swali kuhusu pesa utalisikia kama tusi kwa mama yako.

Na nyinyi mnaoandika "watu wa huko ndio huchagua wezi", mnamfanyia huyo mwanasiasa kampeni ya bure.

Kuna kitu kidogo kinachosaidia. Ethan Kross na wenzake waligundua kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake mwenyewe badala ya "mimi", hisia mbaya hupungua makali. Mimi hufanya hivyo kabla ya kujibu, na hufuta jina la kaunti kisha nasoma ripoti upya. Inabaki hivi: zahanati haina dawa, pesa ilitolewa. Nani alitia sahihi?