Pua Iliyoziba Baada ya Kuanguka

Haipiti siku kuu ya Idi ila mtoto mmoja hurudi kutoka kwenye bembea na pua inayochuruzika damu. Mama humwinamisha, humbana pua, humfuta uso, na damu inapokata shughuli za nyumba huendelea. Mara nyingi mambo huwa yameisha kweli. Tunayotaka kuyazungumza juma hili ni yale machache ambayo hayaishii hapo, kwa sababu damu nyingine imebaki ndani.

Mianzi miwili ya pua imetengwa na ukuta mwembamba, na sehemu ya mbele ya ukuta huo ni gegedu, kitu kigumu kinachonyumbuka kama kile tunachokigusa kwenye sikio. Gegedu hii haina mishipa yake ya damu. Riziki yake yote huipata kutoka kwa utando unaoifunika kila upande. Pua ikipata kishindo, utando huo huweza kubanduka, na damu ikakusanyika baina yake na gegedu. Madhara huweza kuanza katika muda wa saa 24, na kufikia siku ya tatu au ya nne sehemu ya gegedu huenda ikawa imekwisha kufa. Damu hiyo iliyotuama ni makao mazuri kwa vijidudu vinavyoishi puani, nayo hugeuka kuwa jipu.

Dalili kubwa ni pua kuziba, aghalabu pande zote mbili, katika siku chache baada ya kuumia. Mtoto hupumulia mdomo, hakoromi usiku kwa mafua wala hana kamasi za kutosha kueleza kuziba huko. Ncha ya pua humuuma ikiguswa. Akipata homa na maumivu kuzidi, huenda usaha umekwisha kuingia. Mzazi akimulika kwa tochi ya simu anaweza kuona uvimbe wa mviringo, mwekundu au wa samawati, ukitokeza kutoka ukuta wa kati. Dawa za matone za kufungua pua haziupunguzi. Asiuminye wala kuutoboa.

Tunasisitiza jambo moja: picha ya eksirei haiwezi kuonyesha tatizo hili. Tabibu hulijua kwa kutazama ndani ya mianzi na kuubonyeza ukuta taratibu. Mzazi aliyeambiwa kuwa mfupa haukuvunjika bado ana haki ya kuomba pua itazamwe kwa ndani.

Tiba yake ni kuitoa damu au usaha, tena upesi. Antibiotiki peke yake haitoshi. Mtoto hufanyiwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kwa hivyo tangu safarini asipewe chakula mpaka daktari aseme. Mtu mzima aliyetulia huweza kutiwa ganzi tu. Daktari hupasua mkato mdogo kwenye utando, ndani ya pua, basi usoni hakubaki kovu. Hutoa damu iliyoganda, huosha kwa maji ya chumvi, na pengine huacha kipande chembamba cha mpira ili mabaki yatiririke. Ikibidi kukata pande zote mbili, mikato haielekezwi sawasawa, ukuta usije ukatoboka. Kisha mianzi hujazwa shashi, au utando hushonwa, ili ushikamane tena na gegedu. Shashi hukaa siku mbili tatu hivi.

Katika siku hizo mgonjwa hapengi kamasi wala havuti maji puani. Hapa akina mama huuliza kuhusu udhu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kupandisha maji puani ni sunna, wala si miongoni mwa faradhi za udhu, kwa hivyo kuliacha hakuubatilishi. Mwenye shaka amwulize shekhe wake, lakini shashi isitolewe kwa ajili hiyo.

Anayechelewa huweza kupoteza umbo la pua: mwamba wake hubonyea katikati mfano wa tandiko la farasi. Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi, maana gegedu hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa pua na sehemu ya kati ya uso. La kutisha zaidi, ijapokuwa ni nadra, ni usaha kupenya kwenye mishipa iliyo nyuma ya macho, au kwenye utando wa ubongo.

Mara nyingine kinachochelewesha watu ni haya. Wapo watoto waliopigwa na mkubwa, na wapo wake waliopigwa majumbani, ambao husema wamejigonga mlangoni, kisha wakajifungia mpaka uso upoe. Sisi hatuoni sitara yoyote katika kumficha mtu anayeumia. Daktari aelezwe pigo lilivyotokea. Na mtoto mchanga mwenye jeraha kama hili lazima aulizwe habari zake kwa makini, kwani hakuweza kujigonga mwenyewe.

Jamaa zetu wa visiwani na vijijini, ambako daktari wa masikio, pua na koo hayuko karibu, waende kwanza kituo cha afya kilicho jirani, na siku hiyo hiyo waombe barua ya rufaa. Baada ya kupasuliwa, mtoto arudishwe kutazamwa katika siku za mwanzo, kwani damu huweza kujaa tena, na aendelee kuchunguzwa pua yake kadiri anavyokua.