Majina ya Mikoko na Elimu ya Maji katika Delta ya Rufiji

Wafundishao elimu ya viumbe kwa Kiswahili aghalabu hulalamika kwamba lugha haina maneno ya kutosha. Makala haya yakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja tu, kwamba maneno mengine yapo tangu zamani, ila maana zake zimeelezwa kwa ufupi mno.

Mfano wetu ni delta ya Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Hapo maji baridi, yaani maji ya mto yasiyo chumvi, hukutana na maji ya bahari, na kila kiumbe hukaa mahali kinapoweza kuyastahimili.

Jambo la kwanza litawalalo mahali hapo ni kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, lakini haifiki mahali pale pale kila siku. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu huwa ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Basi iko ardhi ifunikwayo kila siku, na iko ardhi inayongoja bamvua.

Miti nayo hufuata mpango huo. Mlilana husimama mbele, ukiikabili bahari. Kandokando ya vijito vya maji ya chumvi pana mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojitegemeza topeni kama magongo. Nyuma yake hufuata mkandaa. Mchu huweza kuota hata pale maji yafikapo kwa bamvua tu, ambapo jua huyakausha na kuacha udongo wenye chumvi kuliko bahari yenyewe. Mti huo hutoa chumvi kwa majani yake. Msikundazi hupatikana upande wa juu, ambako maji ya mto yamepunguza chumvi.

Yafaa mtunga kamusi atambue mambo mawili. Kwanza, neno mkoko lina maana mbili: mti wa aina moja, na mti wowote wa kundi zima. Pili, majina hubadilika toka pwani hata pwani: msinzi wa upande wa Tanzania huitwa muia upande wa Lamu. Asiyeyaangalia hayo atasema juu ya miti yote jambo lililo kweli kwa mmoja tu.

Hili si suala la wanalugha peke yao. Katika miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yaligeukia matawi ya kaskazini ya delta. Wakulima wakafuata maji baridi na kukata miti ili wapande mpunga. Mnamo Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa katika mto huo huo, na bwawa lolote hubadili majira ya mafuriko na kuzuia sehemu ya tope iijengayo delta. Basi mtu akiandika kwamba mikoko inakufa, bado hajatuambia kitu. Misikundazi ikifa, yatupasa kuuliza kama chumvi inapanda mtoni. Mililana ikianguka, yatupasa kuuliza kama ufuo unaliwa na bahari. Hizo ni habari mbili, na kila moja yataka dawa yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kamusi zieleze kila jina kwa mambo matatu: mahali mti uotapo kwa kadiri ya bamvua na maji mafu, kiasi cha chumvi uwezacho kustahimili, na jina lake katika kila sehemu ya pwani. Wenye kuyajua hayo ni wakata boriti na wavuvi wazee wa delta. Kazi hiyo haifai kungoja, maana mti ukitoweka mahali, jina lake halikawii kuufuata.