Mwaka wa Chuo Kikuu Ukiisha: Hotuba ya Naibu Chansela na Hesabu ya Mzazi wa Magwagwa

Ndugu msomaji, kila mwaka wa masomo unapomalizika, kiongozi wa chuo kikuu husimama akatoa tathmini yake. Atataja waliohitimu, majengo yaliyokamilika, kozi mpya na tafiti zilizopata ufadhili. Mwishoni atagusia "changamoto za kifedha", kisha atashukuru na kuketi. Wazee hupiga makofi, picha zikapigwa, na kila mtu akarudi kwao.

Hayo maneno mawili ya mwisho, changamoto za kifedha, ndiyo ninayotaka tuyafungue leo. Ndani yake mna kijana wa Magwagwa na kijana wa Kilifi, na mna sababu ya baadhi yao kutoonekana siku ya mahafali.

Pengine utauliza: sisi watu wa pwani na Magwagwa wapi na wapi? Magwagwa ni wadi ya Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, nchi ya milima, chai na ndizi. Lakini wanafunzi wetu siku hizi hupangiwa vyuo na afisi moja ya kitaifa, KUCCPS. Mtoto wa Magwagwa anaweza kujikuta Kilifi, na mtoto wa Majengo au Malindi akajikuta Kisii. Hotuba ya Kisii ni yetu, na ya Kilifi ni yao.

Isitoshe, vyuo hivi vina historia inayofanana. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, baadaye kikawa tawi la Egerton. Chuo Kikuu cha Pwani kilikuwa taasisi ya kilimo pale Kilifi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilitokana na MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Vyote vitatu vilipandishwa hadhi kuwa vyuo vishiriki mwaka 2007, na vyote vitatu vikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Hawa ni ndugu wa umri mmoja. Linalomuuma mmoja, mwenziwe hulijua.

Tufahamiane kwanza kuhusu cheo. Chansela ni mtu wa heshima, anayetunuku digrii. Mwenye kubeba mzigo wa kila siku ni Naibu Chansela: mishahara, mitihani, mabweni, madeni na migomo yote iko mezani kwake. Pale Kisii aliyeanza na chuo kikuu kamili alikuwa Profesa John Akama, na baada yake uongozi ukaja kwa Profesa Nathan Ogechi, msomi wa Kiswahili aliyetafiti namna Wakenya wanavyochanganya Ekegusii, Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Wapenzi wa lugha yetu tuna haki ya kufurahi.

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa nini kila Naibu Chansela, awe wa Kisii au wa Pwani, analia kilio kimoja?

Zamani, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ndogo, shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza. Fedha hizo hazikutosha, basi vyuo vikafungua mlango wa pili: wanafunzi wa kujilipia. Hao ndio waliokuwa ng'ombe wa maziwa. Vyuo vikafungua matawi kila mji ili kuwafuata. Kisii peke yake ilikuwa na matawi 13, hadi Januari 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipoagiza 10 yafungwe kwa sababu ya ubora.

Mwaka huo huo likaja jambo la pili. Waziri wa Elimu alikuwa Dkt. Fred Matiang'i, mwenyewe mtu wa Nyamira, na mitihani ikabanwa kuzuia wizi. Waliopata alama ya A katika KCSE walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Waliofikisha C+, ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu, wakashuka kutoka takribani 169,000 hadi takribani 89,000. Wizi wa mitihani ni haramu na kuuzuia ni sawa. Lakini tazama matokeo yake chuoni: waliofaulu walikuwa wachache kiasi kwamba wote waliweza kupata nafasi za serikali. Wa kujilipia wakatoweka, ng'ombe akakauka maziwa, ilhali walimu na majengo vilibaki vile vile. Serikali nayo haikuleta fungu kamili iliyoahidi kwa kila mwanafunzi. Ilipofika mwaka 2023, madeni ya vyuo vikuu vya umma nchini yalikuwa yamepita shilingi bilioni 60.

Ndipo mwezi Mei 2023 serikali ikatangaza mfumo mpya. Badala ya kukipa chuo fedha kwa jumla, kila mwanafunzi anapimwa uwezo wa nyumbani kwao na kuwekwa katika daraja. Katika mpangilio wa madaraja matano uliofuata, daraja la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Daraja la tatu ni 50, 30 na 20. La tano ni 30, 30 na 40.

Tufanye hesabu ya mfano. Kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka, na mtoto wa mkulima wa Magwagwa amewekwa daraja la tatu. Serikali italeta 100,000. Mkopo wa HELB ni 60,000. Mzazi atafute 40,000. Kwa miaka minne mtoto huyo atakuwa na deni la 240,000 kabla ya riba, na bado hatujaongeza mkopo wa kujikimu. Chakula na nyumba ni juu yake.

Hebu sasa geuza hesabu hiyo uitazame ukiwa kwenye kiti cha Naibu Chansela. Ile 100,000 ya serikali ikichelewa kwa wanafunzi 1,000 tu, chuo kimepungukiwa na shilingi milioni 100. Mhadhiri anataka mshahara, stima inataka kulipwa, pensheni na makato ya sako za wafanyakazi yanangoja. Atafanya nini? Serikali hawezi kuifungia lango. Aliye karibu naye ni mwanafunzi. Basi hutoka tangazo: asiyemaliza karo hafanyi mtihani. Deni la serikali limeteremka ngazi hadi likamkuta kijana ambaye mzazi wake amebakisha shilingi elfu kumi na tano.

Na hapo majira nayo yana neno. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Septemba. Mkulima wa chai wa Nyamira hutegemea bonasi, ambayo hulipwa kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, na kwa kawaida wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa hupata kidogo kuliko wenzao wa mashariki. Mvuvi wetu wa Kilifi au Lamu naye, ikifika Septemba, anatoka katika miezi ya kusi, bahari imechafuka na vyombo vidogo vimekaa pwani. Wote wawili wanadaiwa wakati mfuko umekauka. Sijaona hotuba inayolitaja hili, na kalenda ya malipo ingeweza kulizingatia bila gharama kubwa.

Mfumo wenyewe umepita mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo, mfumo ukaendelea. Mwaka huo huo wahadhiri waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mwanafunzi wa Kisii na wa Mombasa wote walikaa wakingoja, na kodi ya nyumba ikiendelea kuhesabiwa.

Je, viongozi wa vyuo hawayaoni haya? Wanayaona. Profesa Ratemo Michieka, Naibu Chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliyeongoza kuanzia 1994 hadi 2003, aliandika kumbukumbu nzima ya safari yake ya usomi na uongozi, ikachapishwa mwaka 2016. Ni jambo la kusifiwa. Lakini kumbukumbu huja mtu akishaondoka. Mzazi anahitaji kuambiwa mwaka huu, kiongozi akiwa bado kitini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na wanafunzi vilevile. Vyuo vyetu husoma orodha ya waliohitimu, jina kwa jina. Ile ya walioingia nao miaka minne nyuma na hawakufika haisomwi. Tukiambiwa wamehitimu 3,000, hatuambiwi waliosajiliwa walikuwa wangapi. Wangapi wameahirisha kwa karo? Wangapi wamemaliza mitihani yote lakini digrii imezuiwa kwa deni? Kwetu sisi uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa hata kile kilichopungua.

Mzazi na mwanafunzi nao wana la kufanya wasingojee hotuba.

La kwanza, omba ufadhili na mkopo mapema, na usilale ukidhani serikali inakujua. Asiyeomba hapewi kitu.

La pili, ukiona umewekwa daraja lisilolingana na hali ya kwenu, omba upimwe upya. Nafasi ya kukata rufaa ipo. Andaa ushahidi: barua ya chifu, cheti cha kifo ikiwa ni yatima, hati za hospitali ikiwa mzazi ni mgonjwa.

La tatu, basari za kaunti na za mfuko wa maeneo bunge ziombwe fomu zinapotoka. Nyingi hupotea kwa kuchelewa.

La nne, na hili ndilo kubwa: karo ikishindikana kabisa, usitoweke. Andikia chuo barua rasmi ya kuahirisha masomo, upate jibu kwa maandishi. Aliyeahirisha ana njia ya kurudi. Aliyetoweka huhesabiwa mtoro, na kurudi kwake huwa ni kuanza kubembeleza afisi baada ya afisi.

Kwa Manaibu Chansela wetu, wa Kisii, wa Pwani na wa Mombasa, ombi ni ukurasa mmoja tu katika tathmini ya mwaka. Andikeni idadi ya walioingia, waliomaliza na walioachia njiani kwa karo, na kiasi cha fedha ambacho serikali imechelewesha. Ukurasa huo utawasaidia ninyi wenyewe, kwa sababu mbunge wa Mugirango Kaskazini na wa Kilifi Kaskazini watakuwa na tarakimu za kwenda nazo bungeni badala ya maneno mawili ya changamoto za kifedha. Na mzazi wa Magwagwa atajua kuwa mwanawe aliyerudi nyumbani hakuwa mzembe peke yake. Kuna deni la mtu mwingine alilobebeshwa.