Spoku za bodaboda: Zina sifa, zina na balaa

JE, msomaji, umewahi kuzihesabu spoku za pikipiki inayokubeba kwenda sokoni? Aghalabu huwa 36 katika kila gurudumu, na kila moja ni uzi wa chuma usiozidi nusu ya unene wa penseli. Juu ya nyuzi hizo hukaa dereva, wewe abiria, na pengine gunia la mpunga kutoka Mwea au mkungu wa ndizi uliofungwa kwa mpira. Hapa Kutus na viunga vyake, maisha ya watu wengi huning'inia kwenye nyuzi hizo kila siku, na ni wachache wanaozitupia macho.

Pikipiki zilifurika nchini baada ya 2008, serikali ilipoziondolea ushuru wa VAT zile zenye injini ndogo isiyofika 250cc. Nyingi zilizomiminika kutoka India na Uchina, mathalani Boxer ya kampuni ya Bajaj, zilikuja na magurudumu ya spoku. Si kwamba hapakuwa na mtindo mwingine. Gurudumu la aloi, lile linalomiminwa likiwa kitu kimoja chenye mikono michache minene, lilikuwa kwenye pikipiki za Yamaha kama RD400 tangu 1976. Mbona basi spoku, zilizorithiwa kutoka kwa baiskeli za karne ya 19, zingali zinatamba?

Jibu liko barabarani. Ukishuka kutoka Kutus kuelekea mashamba ya mpunga utakumbana na udongo mweusi unaonata kama ulimbo msimu wa mvua na kupasuka mashimo wakati wa kiangazi. Ukipanda kuelekea mashamba ya kahawa na majani chai, ni murram, mawe na miteremko. Gurudumu la spoku likigonga shimo hunesa kidogo na kuupunguza mshindo kabla haujafika kwenye uti wa mgongo wako. Likizidiwa, hupinda. Na kilichopinda hunyooshwa.

Hapa ndipo utamu wa spoku ulipo. Fundi wa jua kali hahitaji mtambo. Huisimamisha pikipiki gurudumu likiwa hewani, akashika chaki au msumari karibu na ukingo wa rimu, kisha akalizungusha. Panapogusa ndipo palipopinda. Hulegeza spoku za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi rimu inyooke. Spoku iliyokatika huchomolewa na mpya kuingizwa, kazi ikaendelea siku hiyo hiyo. Kwa kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo na anayedaiwa kila wiki, tofauti ya kulala na pikipiki mbovu na kurejea stejini jioni si jambo dogo.

Aloi nayo haina huruma. Ikigonga jiwe kwa nguvu inaweza kupata ufa, na ufa huo huenda usionekane kwa macho hadi siku ya siku. Wako mafundi wanaoichomelea, lakini mwandishi huyu hangependa kuteremka mlima juu ya gurudumu lililoungwa namna hiyo.

Wengi hudhani kuwa spoku za chini ndizo zinazobeba uzito, kama nguzo za ghala. Sivyo. Uzi mwembamba hauwezi kuwa nguzo, ukiusukuma utapinda. Spoku hufanya kazi kwa kuvutwa. Zote hukazwa tangu mwanzo, na uzito ukija, zile za chini hulegea kidogo huku nyingine zikiendelea kukishikilia kitovu mahali pake. Mtindo wa kuzipanga zikiwa zimekingamana, ambao huliwezesha gurudumu kustahimili nguvu ya mnyororo na breki, ulianzishwa Uingereza na James Starley mnamo 1874, na haujabadilika sana.

Kwa hivyo spoku iliyolegea haifanyi kazi. Jirani zake huubeba mzigo wake. Moja ikikatika, mara nyingi pale inapojikunja karibu na kitovu cha gurudumu la nyuma, ya pili na ya tatu hazikawii kufuata. Rimu huanza kuyumba na tairi hulika upande. Ncha iliyokatika nayo inaweza kuutoboa mpira wa ndani.

Naam, mpira wa ndani. Huo ndio udhaifu mkubwa wa spoku. Kwa kuwa kila spoku hupenya kwenye tundu la rimu, hewa haiwezi kuzuiwa bila tyubu. Tyubu ikichomwa msumari huweza kumaliza hewa ghafla, na iwapo ni gurudumu la mbele kwenye mteremko, abiria akiwa nyuma, kinachofuata hakisimuliki. Tairi lisilo na tyubu, ambalo aghalabu huenda na aloi, hushikilia msumari na hewa ikatoka polepole. Pancha yake huzibwa kwa kipande cha mpira bila hata kung'oa gurudumu. Lakini nalo lina kisirani chake: likibanduka kwenye rimu, pampu ya mkono haifui dafu, lazima utafute kompresa, na si kila kijiji kinayo.

Wazungu wamejaribu kuzioanisha faida hizo mbili. BMW ilitoa R100GS mnamo 1987 ikiwa na spoku zilizofungwa kwenye kingo za rimu, nje ya sehemu inayohifadhi hewa, hivyo tyubu haikuhitajika. Ni ufundi wa kupendeza, ila bei yake si ya bodaboda.

Kwa akina mama wanaosoma ukurasa huu, kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Spoku zinazozunguka hula nguo na miguu. Leso, shuka la mtoto au kamba ya sweta ikinaswa, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio huweza kuuingiza unyayo kati ya spoku, na kisigino chake kikachunwa. Nchini India, kanuni za magari za 1989 zinataka pikipiki ifunikwe sehemu ya gurudumu la nyuma ili nguo za abiria zisinaswe. Wanawake wa huko huvaa sari na huketi upande. Ukiona pikipiki ambayo kifuniko hicho kimeng'olewa ili kupisha mizigo, usiketi upande, na leso ifunge kiunoni. Usikubali pia kumpakata mtoto huku mwingine akibanwa nyuma yako. Kanuni za 2015 zinaruhusu abiria mmoja tu.

Kwa wewe unayenuia kununua pikipiki iliyotumika, chukua spana ndogo na ugonge spoku moja baada ya nyingine. Iliyokaza hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Tazama kutu pale spoku zinapoingia kwenye rimu, kwani maji ya matope hujificha humo na kuila rimu kutoka ndani. Tairi likifunguliwa, hakikisha kuna utepe wa mpira unaozifunika ncha za spoku. Mafundi wengi huukata kutoka kwa tyubu kuukuu, na hilo halina ubaya mradi haujapasuka. Na ukibadilishiwa spoku, rudi kwa fundi baada ya siku chache azikaze tena, kwa maana spoku mpya hulegea zinapojipanga. Wengi hawarudi, ilhali aghalabu fundi hukamilisha kazi hiyo kwa dakika chache tu.